Kikundi: Sendofu ya Neema 🎉

Deo: Shikamooni wazee. Hesabu ya mafuta hii hapa. Moshi–Dar km 440, Noah inakula lita 1 kwa km 10. Kwenda lita 44, kurudi 44, jumla 88. Shangazi Manka nirushie hela nijaze leo.

Mjomba Elia: Marahaba. Hiyo 440 umeitoa wapi?

Deo: Mtandaoni mjomba. Niliandika tu umbali wa Moshi hadi Dar.

Mjomba Elia: Hiyo ni njia ya kunguru, anayeruka moja kwa moja angani. Mimi nimeendesha basi huko miaka 22, kwa lami ni kama 560. Na lita zako 44 mngezima hata Chalinze hamjaiona. Bibi angeshuka kusukuma?

Neema: 😂😂😂

Deo: Sasa km 120 zote hizo zimetoka wapi? Kuzunguka milima ya Upare na Usambara?

Mjomba Elia: Wengi hudhani hivyo. Chukua rula uilaze kwenye ramani, Moshi mpaka Dar. Same imekaa karibu juu ya mstari kabisa, Korogwe imekwepa kidogo. Milima mnaiacha kushoto tu, haiwadai kitu. Mwizi yuko Segera. Pale rula inaendelea kuifuata pwani, barabara yenyewe inashuka kusini mpaka Chalinze, ndipo inakunja kushoto kuitafuta Dar, na hapo bado zaidi ya km 100.

Neema: Si mnakata Msata mnatokea Bagamoyo?

Mjomba Elia: Inapunguza kidogo. Raha yake ni kuikwepa foleni ya Kibaha.

Shangazi Manka: Kwa hiyo ni lita 112, siyo 88. Na mimi daftari la michango nimeshalifunga juzi. Deo, hizo lita 24 utazijibu wewe.

Deo: Nisamehe shangazi 🙏 Au Bibi tumkatie tiketi ya ndege? Saa moja tu yuko Dar. Magoti yale hayawezi Noah.

Mjomba Elia: Saa moja ya angani. Uwanja wa KIA uko upande wa Arusha, unaanza kwa kuipa Dar mgongo km 40 hivi, Boma Ng'ombe unaipita, halafu ukae usubiri kuitwa. Lakini kwa magoti hayo naunga mkono. Noah ni kutwa nzima, kila kijiji mwendo ni 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo zinawangoja.

Neema: Na mimi naunga mkono. Nitampokea mwenyewe uwanjani.

Shangazi Manka: Ngoja nimuulize, yuko jikoni.

Shangazi Manka: Anauliza ndege inapokea mikungu mingapi.

Deo: Mikungu??

Shangazi Manka: Ya ndizi mshare. Mitatu, ameikata jana, ipo hapa barazani imefungwa na majani yake. Na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Anasema hawezi kwenda kwenye sendofu ya mjukuu mikono mitupu.

Mjomba Elia: Dumu la mbege linalochacha, ndani ya ndege 😂 Basi, Noah. Mtoke saa kumi na moja alfajiri. Same asimame anyooshe miguu, Korogwe vilevile, na kiti cha mbele ni chake, Deo usijifanye msoma ramani.

Deo: Sawa mjomba. Lita 112.

Shangazi Manka: Weka 115. Mikungu nayo ina uzito.