Mtoto wangu hana VVU, lakini bado haongei. Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama ninayeishi na VVU. Dawa nilianza kabla sijashika mimba na sijawahi kuziacha, hata wakati wa kunyonyesha. Mtoto alipozaliwa alipewa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga asiambukizwe, akapimwa akiwa na wiki 6, akapimwa tena alipofikisha miezi 18 akiwa ameshaacha kunyonya. Majibu yote safi. Siku ile nililia kwa furaha mpaka nesi akanicheka.

Sasa ana miezi 20. Alitembea akiwa na miezi 15, anakula vizuri, mkorofi kama watoto wengine. Shida ni kuongea. Anasema "mama" na "toto", basi. Akitaka kitu ananivuta mkono au ananyoosha kidole. Nikimwita anageuka, kwa hiyo nadhani anasikia, ila masikio hajawahi kupimwa.

Nimesoma kwamba baadhi ya watoto waliozaliwa na mama mwenye VVU, hata wasipoambukizwa, huchelewa kidogo hasa kwenye lugha. Tangu hapo silali. Najiuliza kama ni dawa nilizomeza, ama ni kwamba alizaliwa na kilo 2.3, ama ni mimi kushinda kazini na kumwachia dada asiye mwongeaji.

Waliopitia hili, wa kwenu aliongea lini? Nianze kupima masikio, au nimtafute mtaalamu wa matamshi moja kwa moja? Mkwe wangu anasema nisubiri afike miaka 3. Hajui hali yangu, naye siwezi kumweleza.