Familia kwenye shamba la viungo Unguja: twende Juni au Desemba, na tuombe tuonyeshwe nini?

Baba Rukia (Temeke) anauliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Ninaishi Dar es Salaam pamoja na mke wangu, watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4, na mama yangu mzazi, ambaye anatembea vizuri lakini hawezi kusimama kwa muda mrefu. Katika likizo ya shule tungependa kuvuka kwa boti kwenda Unguja na kutumia siku moja kwenye mashamba ya viungo yanayopokea wageni, yale ya upande wa Kizimbani, Kidichi na Dole.

Kinachonitia wasiwasi ni maelezo ya jirani yetu aliyekwenda huko na familia yake. Anasema walizungushwa upesi upesi kwa utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya: unapewa jani, unanusa, unabahatisha jina, unapigiwa makofi, kisha unafikishwa kwenye meza ya pakiti za kuuzwa. Watoto wangu wanazijua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa sababu ziko jikoni kwetu kila siku, na mama yangu akinusa pilau ya jirani anaweza kukwambia kilichokosekana. Sioni sababu ya kulipa nauli ya boti kwa watu sita ili waulizwe jina la mchaichai.

Naomba basi wenye uzoefu mnieleze kama kuna tofauti ya kwenda Juni au Desemba, ni mambo gani hasa tuombe tuonyeshwe, na kama siku hiyo itamfaa mtoto wa miaka 4 na bibi yake kwa pamoja.

---

Mtoto wa Dole anajibu:

Wa alaykum salaam, Baba Rukia. Nimekulia huko na kwa miaka kadhaa nimewatembeza wageni, kwa hiyo jirani yako ninamwelewa. Utaratibu huo upo, na si ubaya wa mtu yeyote, kwani mtembezaji akipokea makundi manne kwa siku hujikuta anasema maneno yale yale hata mbele ya watu wasioyahitaji. Dawa yake ni kumwambia mapema, kabla hamjaanza kutembea, kwamba ninyi ni familia ya Kiswahili, viungo mnavijua vikiwa vimekauka, na mnachotaka ni kuona kazi: kiungo kinavyopandwa, kinavyochumwa, kinavyochambuliwa na kuanikwa. Mara nyingi utaona uso wake unabadilika, maana kazi ndiyo anayoijua zaidi kuliko michezo ya kunusa.

Kuhusu msimu, ningekushauri Desemba bila kusita sana. Karafuu huchumwa zaidi kuanzia Julai au Agosti na kuendelea hadi Desemba au Januari, ingawa msimu mmoja haulingani na mwingine, na baada ya mwaka wa neema huweza kufuata miaka miwili au mitatu ya mavuno haba. Juni masika yamekwisha, hewa ni nzuri na njia zinapitika, lakini juu ya mkarafuu huenda msione kitu zaidi ya majani. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea, lakini pia ndio wakati wa matunda, na mtoto wa miaka 4 ambaye hatajali lolote kuhusu karafuu atajali sana shokishoki, fenesi na maembe. Doriani pia hupatikana, na hapo watoto watagawanyika kambi mbili papo hapo.

Mkienda wakati wa mavuno, ombeni mfikishwe mahali panapochambuliwa karafuu. Wachumaji hupanda mkarafuu wakiwa na vikapu au mapakacha, huvuta matawi kwa kijiti chenye ngowe, na hukata vikonyo vikiwa na vichwa ambavyo bado havijachanua, kwa kuwa ua likishafunguka thamani ya karafuu hupungua. Chini ya mti huketi watu, mara nyingi kina mama na bibi, wanaotenganisha karafuu na makonyo kwa kubonyeza kiganjani kwa haraka ambayo jicho haliifuati. Hiyo ndiyo sehemu ya mama yako. Atapata mkeka, atapata wenzake wa rika lake, na hatahitaji mtembezaji. Mtoto wa miaka 8 naye anaweza kujaribu kuchambua, na wenyeji hawatakataa iwapo mtaomba kwa adabu badala ya kuanza na kamera. Kupanda mkarafuu asijaribu mtu yeyote kati yenu, kwa sababu matawi yake hukatika kwa urahisi na watu wazima waliozoea kazi hiyo huanguka.

Karafuu mbichi ni za kijani zinazoelekea wekundu. Huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ile mnayoijua, na makonyo nayo hayatupwi, kwa maana hutolewa mafuta. Kule Pemba, Wawi karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha kazi hiyo.

---

Bi Shamba (afisa kilimo mstaafu) anajibu:

Nakubaliana na Mtoto wa Dole kwa mengi, lakini si sawa kuidharau Juni namna hiyo. Karafuu ni zao moja tu kati ya mengi, na kwa mtoto wa miaka 12 anayesoma sayansi shuleni kuna mimea inayofundisha zaidi kuliko mkarafuu, ambayo huionei shida kuipata mwezi wowote.

Anza na pilipili manga. Ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, na pilipili nyeusi, nyeupe na za kijani zote hutoka kwenye kikonyo kile kile. Tofauti iko katika wakati wa kuchuma na namna ya kutayarisha. Ikichumwa bado mbichi na kuanikwa na ganda lake inakuwa nyeusi, na ikiachwa iive, ikalowekwa na kumenywa ganda, inabaki nyeupe. Muulize Rukia kabla hamjaondoka nyumbani kama anadhani ni miti tofauti, kisha mwacheni ajionee mwenyewe.

Hiliki, ambayo ninyi wa bara mnaiita iliki, huwashangaza hata watu wazima. Wengi hudhani inaning'inia juu kama tunda, kumbe unatakiwa kuinama na kufunua majani mpaka karibu na ardhi, kwa kuwa vikonyo vyake hutokea chini kabisa kwenye shina. Kwa mdalasini, mwombeni mtembezaji awachimbie kipande kidogo cha mzizi, mkinuse pamoja na gome na jani. Gome lina harufu ya pilau, lakini mzizi una harufu ya kafuri, kama dawa ya kupaka kifuani wakati wa mafua, nao ni mti mmoja. Kungumanga likiwa limepasuka mtini huonyesha utando mwekundu unaoizunguka mbegu. Utando huo ndio basibasi, ambayo sokoni huuzwa kama kiungo kinachojitegemea. Watembezaji wana mzaha wao wa kungumanga na maharusi, na mbele ya watoto si vibaya kuwaomba wauache. Mtoto asipewe kungumanga atafune, kwa sababu kiasi kikubwa chake ni sumu.

Mmea ambao ningemsimamisha Rukia mbele yake kwa muda mrefu kuliko yote ni vanila. Ni jamii ya okidi, asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuichavusha, hivyo kila tunda la vanila mtakaloliona Unguja limetokana na mkono wa mtu aliyeliendea ua moja baada ya jingine asubuhi, kwa kuwa ua hilo hufunguka siku moja tu na kunyauka. Njia inayotumika duniani kote, ya kuinua kijiwambo kilicho ndani ya ua kwa kijiti chembamba na kukutanisha sehemu mbili kwa kidole gumba, aliigundua Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion. Alikuwa mtumwa, na umri wake ulikuwa miaka 12, sawa na binti yako. Baada ya uchavushaji, tunda hukaa mtini kwa takriban miezi 9, kisha huhitaji miezi mingine ya kutayarishwa ndipo litoe harufu, na baada ya kuelezwa hayo hakuna mtoto atakayeuliza tena kwa nini vanila ya kweli ni ghali.

---

Mama wa Watatu (Kinondoni) anajibu:

Kaka, waliotangulia wamekupa elimu. Mimi nitakueleza ya mzazi.

Matembezi yenyewe huchukua saa moja na nusu hadi mawili, na kwa mama itoshe kumwambia mtembezaji tangu mwanzo kwamba kutakuwa na vituo vya kukaa. Mashamba mengi yana banda la makuti lenye mabenchi au mikeka ambapo matunda hukatwa na chakula huandaliwa, kwa hiyo mama anaweza kutembea sehemu ya kwanza, akapumzika bandani, na ninyi mkamalizia. Njia ni za udongo, zina mizizi na, mvua ikinyesha, utelezi, na kwa hiyo kila mmoja avae viatu vya kufunika vidole. Gari la kusukumia mtoto liacheni Temeke.

Wavisheni watoto nguo ambazo hamzionei huruma. Bizari mbichi ya manjano hushika nguo na haitoki, na mzingefuri ndio hatari zaidi, kwani mbegu zake nyekundu hupakwa watoto usoni na midomoni, nao hawakubali kunawa mpaka bandarini. Wafundisheni pia wasishike ganda lolote lenye manyoya linaloning'inia kwenye vichaka bila kuuliza, kwa sababu upupu upo mashambani, na mtoto anayewashwa mwili mzima huimaliza safari ya familia nzima. Bebeni dawa ya kufukuza mbu na maji ya kunywa ya kutosha.

Kwa upande wa fedha, ulizeni bei kabla ya kupanda gari, na mseme wazi kwamba ninyi ni wananchi, maana bei ya mgeni wa nje si bei yenu. Ulizeni pia kama chakula kimo ndani ya bei hiyo. Mwishoni atatokea mkwezi atakayepanda mnazi kwa kamba ya miguuni huku akiimba, na kijana mwingine atawasukia watoto kofia, pete na mikufu ya makuti wakiwa wanatembea, bila ninyi kuagiza. Hizo zote zinatarajia bakshishi, na ni haki yao kwa kuwa wanafanya kazi, ila ni vizuri kuwa na noti ndogo ndogo na kumweleza mtoto mapema kwamba atachagua kitu kimoja.

Viungo vya meza ya shambani kwa kawaida ni ghali kuliko Darajani. Mimi hununua kidogo shambani kama shukrani na vilivyobaki nanunua sokoni. Karafuu nzuri ina kichwa chake, ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia katika glasi ya maji huzama au husimama wima badala ya kulala juu. Hilo jaribio watoto wangu hulifanya pale pale kwa muuzaji, na wauzaji wenyewe hucheka.

---

Baba Rukia anauliza tena:

Ahsanteni sana, dada na wazee wangu. Bi Shamba, shikamoo. Nimeelekea Desemba. Limebaki swali moja. Rukia amesoma shuleni habari za mashamba ya karafuu na utumwa. Je, ataona chochote kinachohusu hayo, au itakuwa siku ya matunda peke yake? Na kama karafuu nyingi ziko Pemba, kwa nini watu wote wanakwenda Kizimbani?

---

Mtoto wa Dole anajibu:

Wanakwenda Kizimbani kwa sababu ni karibu na mji, jambo ambalo halina siri. Lakini pana historia pia. Mtoni na Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipopandwa mikarafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa mbegu zilizotoka visiwa vya Wafaransa kule Bahari ya Hindi, na zao hilo likaenea sana wakati wa Seyyid Said. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Bango la kueleza hayo huenda msilione, na mtembezaji hatalianza jambo hilo kama hakuulizwa. Mwacheni Rukia aulize mwenyewe. Wazee wa huko watamweleza, na watamweleza pia jinsi baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilivyochukuliwa na Serikali na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Mtembezaji wenu akiwa na umri wa kutosha, inawezekana baba yake alikuwa mmoja wao.

Kuhusu Pemba, mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu, na mashamba mnayotembezwa Unguja mengi ni ya maonyesho, yenye miti michache ya kila aina ili mgeni avione vyote kwa mguu mmoja. Kwa watoto hilo ni jema. Mtu mzima anayetaka kuona vilima vizima vya mikarafuu na barabara zilizoanikwa karafuu kando yake, huyo apange safari ya Pemba peke yake.

Mkiwa na saa moja ya ziada, pitieni kwenye mahamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said aliyajenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ndani kuna nakshi za maua na ndege, na paa lenye kuba, na pana ubaridi. Mama apelekwe huko kwanza asubuhi, kabla ya shamba, kwa sababu ikifika saa nane, baada ya wali na mchuzi chini ya banda la makuti, hamtamwondoa kwenye mkeka.