Masta si televisheni! Nimechoshwa na wachezaji wanaokuja mezani kuperuzi simu

Wakuu, salaam aleikum. Uzi huu nauandika damu inachemka, kwa hiyo mwenye roho nyepesi apite tu. Mods, tafadhali msiuunganishe na ule wa gemu za simu. Hayo mambo mawili hayahusiani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: nazungumzia michezo ya kuigiza mezani, ya kalamu na karatasi. Kila mtu ana mhusika wake. Mmoja, ndiye masta, anasimulia dunia yote na kuwasemea watu wengine wote waliomo: wauza samaki, majini, wafalme, mpaka mbuzi. Baba wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunacheza toleo la tano, lile la 2014, hapa Unguja mjini, nyumbani kwa bibi yangu Malindi, baada ya Isha. Masta ni mimi. Siku zote ni mimi, maana kila nikisema leo achukue mwengine, ghafla watu wote wana kazi asubuhi.

Dado, la kutoa namba inayoamua kama mhusika kafaulu au kashindwa, hatuna. Bibi alipoliona lile la pande 20 alisema neno moja tu: "Kamari ndani mwangu sitaki, mjukuu wangu." Na bibi habishwi. Tukachukua vifuniko 20 vya soda, tukaviandika namba kwa makapeni, tukavitia kwenye kikapu kidogo cha ukili. Unachopoa kimoja, unasoma, unakirudisha, unatikisa. Mradi ukirudishe, hesabu ni ile ile ya dado: kila namba ina nafasi ya asilimia 5. Kwa hiyo vifaa si tatizo, msinianzie huko.

Tatizo ni hili. Mchezo ukidorora, wa kulaumiwa ni masta. "Masta, leo mbona umepooza?" "Masta, tia vituko." Ukienda mitandaoni kutafuta msaada, nako ni yale yale: masta afanye hivi, masta aongeze vile, masta abadilishe sauti, masta aweke muziki. Sijaona pahala palipoandikwa mchezaji afanye nini. Kana kwamba mtu kazi yake ni kuja, kukaa, kula kachori na kufurahishwa.

Sasa nisikilizeni nilichowaandalia, mniambie kama ni kibovu.

Niliwapeleka Pujini. Pujini ile ile ya Pemba, kule Chake Chake, ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15. Yakhe, mtu unataka nini zaidi? Mtawala anayesimuliwa mpaka leo kwa ukatili wake, watu wakibebeshwa mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kisima chenye ukuta katikati, ambacho wazee wanasema kiligawanywa ili wake zake wawili wasionane wakenda kuteka maji. Chumba cha chini ya ardhi chenye sura ya siwa, lile baragumu la watawala, ukutani. Huko Marekani watu wanakaa wakibuni mashimo yenye majoka. Sisi shimo tunalo, unapanda boti unakwenda kuliona! Nikaongeza yangu: siwa yenyewe imeibiwa, na isipopigwa kabla ya mwezi kuandama, kisima kinakauka na kijiji kizima kinahama. Niliandika mpaka bei ya chumvi sokoni, endapo mtu atauliza. Hakuuliza mtu.

Basi tukafika kisimani. Mzuka wa mke mkubwa anasema kutoka upande huu wa ukuta, wa mke mdogo upande ule, na kila mmoja anamtupia mwenzake wizi wa siwa. Kazi ya wachezaji ni kusikiliza, kuuliza, kumkamata muongo. Nimejikausha koo kufanya sauti mbili za kike. Natazama meza (wachezaji nawaita kwa wahusika wao): mpiganaji wetu anafuatilia matokeo ya mpira. Mwizi yuko WhatsApp, nakiona kidole gumba kinapanda na kushuka, na anacheka peke yake. Mganga kaegemea ukuta, macho nusu. Mchawi anachora boti pembeni ya karatasi, boti nzuri kwa kweli, lakini mchezoni hamna boti. Anayenitazama ni mmoja tu, mpiga mshale, kijana wa skuli, mdogo kuliko wote.

Na bibi. Bibi alikuwa anapita na chupa ya chai. Akasimama mlangoni, chupa mkononi, mpaka nikamaliza. Kisha akauliza: "Na usiku ilipoibiwa hiyo siwa, zamu ya mume ilikuwa kwa nani?"

Wallahi nilitaka kulia. Ndilo swali lenyewe! Fumbo lote limejengwa hapo: aliyekuwa na zamu usiku ule hakuweza kutoka, basi anayedai alikuwa na mume ndiye wa kuchunguzwa. Bibi hana mhusika, hana karatasi, hana hata kiti, na ameshika uzi ambao wanaume wazima wenye kalamu mkononi wameuacha ukapita. Ndipo mwizi akanyanyua uso: "Ee masta, tupo wapi?" Na mpiganaji, bila ya kuuliza anazungumza na nani: "Mi namkata panga." Unamkata nani? "Yeyote aliyepo."

Mizuka hiyo. Anakata mizuka panga.

Halafu mapigano. Kwa kanuni, duru moja ya mapigano ni sekunde 6 za ndani ya hadithi. Kwetu duru moja inapita nusu saa. Sababu ni nini? Hakuna anayefikiri wakati wa zamu ya mwenzake. Zamu ikimfika ndipo anapoanza kutafuta karatasi, imekaliwa na sahani ya urojo, aifute, asome, kisha: "Hivi kushambulia najumlisha nini?" Unajumlisha kile kile ulichojumlisha mara iliyopita, ndugu yangu, kimeandikwa kwa hati yako mwenyewe! Sasa huyu akichelewa, wa pili yake anachoka, anatoa simu. Zamu ikimfika wa pili, hajui kimetokea nini, nasimulia upya. Wa tatu naye anachoka kwa sababu hiyo hiyo. Simu zinatoka moja baada ya moja kwa kufuata mpangilio wa zamu, utadhani mimi ndiye nimezipanga.

Msidhani nimekaa kulalamika tu. Nikimwita mtu wa zamu, namtaja na wa nyuma yake: "Mwizi cheza, mpiga mshale jitayarishe." Asiyekuwa tayari, mhusika wake anajikinga na zamu inapita. Walinuna, lakini duru zimefupika, sikatai. Kuchopoa vifuniko pia nimekupunguza. Kama kushindwa hakubadilishi kitu, mtu afanye tu, tusonge. Mlango ukihitaji 15 au zaidi na mtu hana cha kuongeza juu ya namba aliyochopoa, ana asilimia 30 za kuufungua, yaani mara nyingi atakwama, na meza nzima itakaa kuutazama mlango. Kwa hiyo kwangu ukikosa, mlango unafunguka vile vile, ila unapiga kelele na walinzi wanasikia. Hapo hadithi haisimami. Yote haya yamesaidia kwa mwenye nia ya kucheza. Aliyekuja kukaa, ukimfupishia zamu umemfupishia kukaa, basi.

Na hili la mayatima ndilo linaloniuma kupita yote.

Kabla hatujaanza nilimwomba kila mtu aniletee historia ya mhusika wake. Anatoka wapi, nani wake, anamdai nani, anamkimbia nani. Mnajua kwa nini masta anauliza? Ili apate pa kumgusa. Ukiniambia mhusika wako ana dada yake Wete, mimi dada huyo nitamfanya mjane, mdeni, shahidi, nitamfanya chochote, na siku akigonga mlango hutatazama simu. Nikaletewa nini? Mpiganaji: yatima, wazazi wameuawa. Mwizi: yatima. Mganga: yatima, kalelewa msituni. Mchawi: yatima, hakumbuki kitu. Ukoo mzima wa mayatima wasio hata na jirani! Na hawa ni watu wa Zanzibar, ambako huwezi kutoka Darajani ukafika Michenzani bila ya kusimamishwa na shangazi akuulize mama hajambo. Watu waliozaliwa ndani ya wajomba na mashemeji, ukiwapa karatasi tupu wanaandika "hana mtu". Kisha wanasema hadithi haiwagusi. Itawagusa wapi?

Ila mpiga mshale. Yeye aliandika mama yake ni mchuuzi wa karafuu, na wana deni kwa tajiri wa mji wa Mkoani, kule Pemba. Mistari miwili tu. Kila tunapocheza, huyo tajiri anamtokea, na kila akitokea kijana anakaa wima. Ndipo wenzake wananiambia: "Masta, unampendelea."

Kinachonikera zaidi ni kwamba hawa hawa nawajua maskani. Wakae kwenye dhumna uone. Mtu hapepesi jicho, anahesabu kete zilizotoka, anajua mwenzake kabakiwa na nini, na simu ikilia anaikata bila ya kuitazama. Kwa nini? Kwa sababu kwenye dhumna ukizubaa unamwangusha mwenzako, na mwenzako atakusema mbele ya baraza zima mpaka kesho. Kwangu akizubaa hakuna anayemsema. Wote wanageuka kunitazama mimi, niwatengenezee tena. Mganga akisinzia, mpiganaji anakufa, na mpiganaji badala ya kumgombeza mganga ananigombeza masta kwa kuweka zimwi kali!

Hapo ndipo nilipofika, wakuu. Povu ruksa.

*

NAENDELEA. Umeme ulikatika, nimeona majibu yenu sasa hivi.

Wanaosema "kusanya simu mlangoni": wachezaji wangu wawili karatasi za wahusika wao zimo ndani ya simu, na mmoja mkewe ni mjamzito. Nimnyang'anye simu kwa sababu ya mizuka ya Pujini? Na hata ukizikusanya, mtu atachora boti.

Aliyesema "huna mvuto wa kusimulia": soma tena habari ya bibi.

Aliyesema kitabu ni ghali ndiyo maana hawajui kanuni: hapana, yakhe. Kanuni za msingi za toleo la tano zimewekwa bure tangu Januari 2023, chini ya leseni ya Creative Commons, unapakua kihalali bila ya kumuibia mtu. Faili nimewatumia mwenyewe kwenye grupu. Zile alama mbili za buluu nimeziona kwa wote, basi.

"Ongeza mapigano." Nimeeleza hapo juu duru moja inachukua muda gani. Wewe hukusoma. Nahisi ungeelewana sana na mwizi wetu.

Aliyesema nipunguze watu, huyo nimemsikia. Mkiwa watano unangoja wanne kabla hujarudi kufungua mdomo. Mkiwa watatu unangoja wawili, na hamna pa kujificha. Nilikuwa sitaki kwa sababu ya kuoneana haya, hawa ni watu tuliokua pamoja, na kumwambia mtu "usije" ni ugomvi wa mpaka harusini. Lakini nimepata njia. Nimeandika kwenye grupu: anayetaka kuendelea, kabla ya Alhamisi alete majina matatu ya watu wa mhusika wake. Mmoja anayempenda, mmoja anayemdai, mmoja asiyetaka kuonana naye. Wawe hai wote, mayatima sipokei. Asiyeleta simfukuzi, ila mhusika wake kabaki Mkoani na homa, na yeye mwenyewe anakaribishwa chai.

Mpiga mshale kaleta, na majina manne badala ya matatu. Mchawi kaleta, na mmoja ni fundi boti, kumbe zile boti zilikuwa na mwenyewe. Mganga kauliza kama paka anahesabiwa. Nimemwambia ndiyo, maana huyo angalau kauliza. Mpiganaji na mwizi wametuma stika za kucheka.

Kwa hiyo nafasi moja ipo, pengine mbili. Mwenye nia na yuko mjini hapa, aniandikie PM na majina yake matatu humo humo. Na walioko Pemba, kama wapo wanaocheza, naomba msaada: kutoka Chake mpaka Pujini kwa miguu mtu anapita vijiji gani? Bibi keshaanza kuuliza, na mimi ramani yangu ya huko ni ya kubahatisha.