Niuze kiwanja cha Nala nikaanze upya uuguzi Ujerumani? Naombeni ushauri

Nesi_Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi, nina diploma na leseni, nafanya kazi zahanati ya mtu binafsi hapa Dodoma. Mshahara laki nne na nusu, na ukichelewa unachelewa kweli. Ajira za TAMISEMI naomba kila zikitangazwa, jina halitoki. Nina mtoto wa miaka minne, baba yake alishajiondoa.

Sasa kuna wakala yuko Dar anapeleka watu Ujerumani kusomea uuguzi miaka mitatu huku wanalipwa. Anasema ni milioni 4 kwa mwezi, nyumba ipo, mtoto atanifuata baada ya miezi mitatu. Anataka nitangulize milioni 6. Sina, ila nina kiwanja Nala na mteja keshafika bei. Mtoto atabaki Mpwapwa kwa mama. Mama anasema nenda, kaka anasema nimechanganyikiwa. Mlioko huko, maisha yakoje? Msinifiche.

Zabibu_Chungu:
Uza, nenda. Hapa utazeeka unafuta vumbi dirishani.

Chief_Ihumwa:
Mkuu hapo juu acha utani na mali za watu. Dada, Nala kuna viwanda, na ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inapita huko. Huyo mteja mwenye haraka anajua anachonunua. Kopa, uza hata friji, kiwanja kiache.

Mgogo_wa_Leipzig:
Mbukwenyi dada. Niko huku, ni muuguzi kama wewe, nilitokea hospitali moja ya wilaya hapo hapo mkoani.

Kwanza, huyo wakala anakupeleka kusomea kazi ambayo tayari unayo. Hiyo njia inaitwa Ausbildung, ni halali na wengi wamepita. Ila mwenye diploma na leseni anaweza kuomba vyeti vyake vitambuliwe. Wanavilinganisha na mafunzo yao, wanakwambia umepungukiwa wapi, halafu unafanya mtihani au mafunzo ya kujazia huku ukifanya kazi kama msaidizi. Ukifaulu unalipwa kama muuguzi kamili. Kikwazo ni lugha: utatakiwa kufika ngazi ya B2 ya Kijerumani, wakati Ausbildung wengi wanaridhika na B1, ngazi moja chini. Wakala anapenda B1 kwa sababu inafika upesi, na yeye analipwa upesi.

Hiyo milioni 4 ni kabla ya makato. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata kati ya euro 1,200 na 1,500. Bima ya afya, pensheni na wenzake wanaondoka na kama moja ya tano. Chumba, hata mji mdogo, andaa euro 400 kwenda juu. Weka chakula, nauli, simu, na ada ya redio na televisheni euro 18.36 kila mwezi hata kama televisheni huna. Cha kumtumia mama kitapatikana, cha kujengea sahau kwanza.

Kazi yenyewe sasa. Kwetu mgonjwa akilazwa, ndugu ndio wanamwogesha, wanamlisha, wanalala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Sisi tunabaki na dawa, sindano na dripu. Huku ndugu anakuja na maua saa kumi, saa kumi na moja kaondoka. Kuogesha, kubadilisha pampasi, kumlisha bibi wa miaka tisini anayekuuliza kila baada ya kijiko wewe ni nani, hiyo ndiyo kazi ya muuguzi, na kutoa damu mara nyingi ni ya daktari. Wapo wenzangu walioona wameshushwa cheo, wakalia. Mimi siku hizi naona wenyeji wana hoja: ukimgeuza mgonjwa mwenyewe ukimwogesha, unauona wekundu wa kiunoni kabla haujawa kidonda.

Mtoto kukufuata baada ya miezi mitatu ni uongo. Wataangalia kipato na nyumba kama vinawatosha, na kwa posho ya mwanafunzi ni shida. Halafu watataka karatasi za malezi: baba awe ameridhia, au mahakama iwe imekupa wewe.

Baridi utaizoea. Giza la saa kumi jioni mwezi wa kumi na mbili mimi bado.

Mzee_wa_Kongwa:
Nawaongezea kwenye hiyo milioni 6. Wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni, nenda ofisi ya kazi waulize jina lake. Na kwa wauguzi, serikali ya Ujerumani ina alama inayowapa mawakala wanaoajiri kwa haki, sharti lake gharama abebe mwajiri. Mpwa wangu alisomeshwa lugha bila kutoa hata mia. Ila mkataba wake ulisema akiacha kazi mapema anarudisha gharama, kwa hiyo msome wote, hadi yale maandishi madogo.

Dogo_Area_D:
Mkibeba boksi mkumbuke na sisi wa michango ya harusi.

Nesi_Nkuhungu:
Asanteni sana. Nimemuuliza wakala kwa nini nisipitie njia ya kutambuliwa vyeti. Kanijibu "dada una maswali mengi, nafasi zinajaa". Nikamwomba leseni, kanitumia picha ya kibao cha ofisi yake. Mteja wa kiwanja nimemwambia atafute kwingine. Mgogo wa Leipzig, hiyo B2 inachukua muda gani kwa mtu mwenye zamu za usiku?

Mgogo_wa_Leipzig:
Ukikazana kila siku, mwaka mpaka mwaka na nusu. Hatua ya kwanza unaweza kuanza mwenyewe kwa simu. Mtihani utafanyia Goethe-Institut, kituo cha lugha ya Kijerumani pale Dar, siku hizi kuna treni ya SGR kwa hiyo safari si ya kuogopa. Wakati huo huo dai chuoni kwako karatasi inayoonyesha saa za kila somo na saa za vitendo wodini, moja moja. Vyeti vya kawaida havionyeshi hivyo, na hapo ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo anza kuwasumbua mapema.