Baba ameanza kusahau njia, nimnunulie kifaa gani?

MtotoWaMwisho:
Wakuu, naombeni ushauri, tangu juzi silali. Baba yangu ana miaka 78. Anatumia simu ya vitufe na hataki kusikia habari za simu janja. Anasema kioo kitupu hakimwambii kidole kimefika wapi. Miezi ya karibuni njia zinampotea. Mara mbili ameletwa nyumbani na watu asiowajua. Nataka kifaa cha kunionyesha alipo. Kipi ni kizuri? Naomba majibu ya haraka.

Kifundo:
Mpe simu janja, futa programu zote, acha ya kupiga tu. Mama yangu nilimfanyia hivyo. Alianza kwa kulalamika, siku hizi ndiye anayeniamsha kwa picha za maua alfajiri. Wazee wanajifunza tukiwa na subira.

MpimaArdhiMstaafu:
Vijana mmeikuta GPS imeshaiva. Mimi nimetembea na kipokezi cha mkononi miaka ya 1990. Setilaiti zile ziko juu kilomita zipatazo 20,200, na kipokezi lazima kisikie nne ndipo kijue kilipo. Hata zikisikika zote, Marekani walikuwa wakitia kosa kwa makusudi kwenye mawimbi ya raia: umesimama juu ya jiwe la mpaka, kifaa kinakuambia uko mita mia pembeni. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru kosa liondolewe. Kifaa kilekile, betri zilezile, kikawa kama mtu aliyevishwa miwani. Nilikaa nacho nje usiku ule nikitazama tarakimu zikitulia.

BintiMwalimu:
Mzee wangu, ahsante kwa somo, ila mwenye uzi bado anasubiri. Ndugu, baba mwenyewe umemuuliza? Hujasema kama anataka kufuatiliwa.

MtotoWaMwisho:
Hapa suala si kutaka, ni usalama. Kila Alhamisi asubuhi anatoka na haagi anakokwenda. Alhamisi iliyopita nilimwona amevuka mto, akasimama mahali pamoja karibu saa nzima. Nukta haisogei. Nikakimbia mpaka pale, hayupo! Mnajua moyo ulivyonienda mbio?

SinaUpande:
Ngoja kwanza. Bandiko la kwanza: baba ana simu ya vitufe, simu janja hataki. Sasa hivi: "nilimwona amevuka mto", "nukta haisogei". Ulimwona na nini, darubini? Wakuu, hii chai. Mtu amekaa anatunga kisa, na ninyi mnamjibu kwa huruma.

Kifundo:
Chai kabisa, na imejaa birika.

BintiMwalimu:
Mimi sidhani. Anayetunga huwa anapanga maneno yake vizuri kuliko hivi. MtotoWaMwisho, umeshamwekea kitu, sivyo?

MtotoWaMwisho:
Ndiyo. Nilishona kidude ndani ya bitana ya koti lake, vile watu wanavyofunga kwenye funguo zisipotee. Wiki ya tatu sasa. Sikumwambia.
Alhamisi alitembea na rafiki yake, na simu ya rafiki ikatoa onyo kwamba kuna kifaa kisicho chake kinasafiri naye. Juzi rafiki huyo kanipigia kuuliza kama najua chochote. Nikasema sijui. Nilichotaka humu ni mnitajie kifaa kisichotoa onyo.
Lakini ningefanya nini? Nisubiri aletwe mara ya tatu? Na asipoletwa?

MamaWaWatatu:
Aliyekushika mkono ukijifunza kutembea hakukushonea kitu kwenye nguo. Alikuwa anakuita kwa jina.

FundiRedio:
Maneno ya Mama yana uzito, lakini kuna jambo la hatari zaidi hapa. Kidude hicho chenyewe hakijui kilipo, hakina GPS. Kinatoa mawimbi dhaifu ya Bluetooth. Simu ya mpita njia inayasikia, na simu hiyo ndiyo inayotuma mahali *ilipo yenyewe*. Kwa hiyo nukta ile ilikuwa alama ya mtu wa mwisho aliyepita karibu na koti. Baba aliondoka, akaelekea pasipo na watu, nukta ikabaki nyuma. Akipotelea porini hutaona kitu.
Na onyo lile limewekwa kwa sababu. Watu walikuwa wakivificha vidude hivi kwenye magari na mikoba ya wanawake waliowakimbia. Mei 2024 Apple na Google wakatoa utaratibu wa pamoja ili simu za pande zote mbili zionye. Unachotafuta wewe ndicho wanachotafuta wale.
Kwa mzee anayesahau njia, chukua kifaa chenye GPS na laini yake ya simu. Kinakula chaji, hakikai mwaka mzima kama hicho cha betri bapa. Lazima kivaliwe na kichajiwe mara kwa mara. Utafanyaje hayo kwa siri?

SinaUpande:
Nafuta neno langu la chai, nisamehe ndugu. Mpigie yule rafiki leo, kabla baba hajayasikia kwake.

MtotoWaMwisho:
Nimempigia, nimekiri. Kwa baba maneno yalinishinda, nikaleta koti na mkasi nikaanza kufumua mbele yake. Akakishika kidude, akakigeuza, akataka kuona kinachosema juu yake. Nikamwonyesha ile nukta. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema njia imempotea mara nyingi zaidi ya hizo mbili. Hukaa chini akangoja mpaka imrudie. Hasemi ili nisiogope.
Amekubali kile chenye GPS, atakichaji usiku pamoja na simu yake. Mpaka kifike, kidude kiko kwenye funguo zake, amekifunga mwenyewe. Sharti lake ni moja: Alhamisi nisimtazame hadi saa saba mchana. Ikipita saa saba hajarudi, nimtafute. Anakokwenda hakusema, na sikuuliza.
Kesho kutwa ni Alhamisi. Nimemwomba dada anishikie simu asubuhi nzima.