Slabu inamwagwa wiki ijayo, umeme wa nyumba na fremu mbili nipangeje?

mjenzi_mgeni

Wakuu habari za muda huu. Niko kwenye ujenzi, nyumba ya vyumba vitatu kuta zimeshapita lenta, halafu mbele nimeunganisha fremu mbili za biashara ambazo juu yake inakuja slabu maana baadaye nataka kupandisha ghorofa. Zege la slabu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sasa fundi umeme niliyempata anasema nisiwe na haraka, yeye anakuja wakati wa plasta, kazi yangu ni kumwambia idadi ya taa na soketi basi. Fundi wa ujenzi naye anasema mabomba ya waya lazima yalale kabla ya zege. Nimebaki katikati.

Naomba mnisaidie mambo haya, kwanza nani yuko sahihi, pili fremu zitumie mita moja na nyumba au kila moja na yake, tatu nichukue fezi moja au tatu (yaani waya moja ya umeme kutoka kwenye nguzo au tatu), na saizi za waya zikoje maana kila ninayemuuliza ananipa namba tofauti. Wapangaji wa fremu bado sijawapata kwa hiyo sijui watafanya biashara gani. Pale ndani tutakuwa na jiko la umeme, heta ya kuogea, na AC moja chumba kikubwa. Natanguliza shukrani.

nondo_na_waya

Mkuu fundi wa ujenzi yuko sahihi na hapo usilegeze kabisa. Slabu ikishakauka huna njia tena, utaishia kutoboa zege au kupitisha waya nje kwenye dari ya duka. Ya kwenye kuta ndiyo yanaweza kusubiri hadi kabla ya plasta, ya kwenye slabu hayasubiri.

Mimi hii ndiyo kazi yangu na nitakwambia wanapoharibu wengi. Mbao za fomu zikishapigwa na nondo za chini zikishasukwa, panda juu na fundi na chaki mchore kila taa itakapokaa. Hapo anafunga boksi zile ndefu za zege, sio zile fupi za ukutani, anazijaza karatasi na kuziba mdomo kwa tepu, la sivyo uji wa saruji unaingia na kukauka ndani. Bomba linalala kati ya nondo za chini na za juu, linafungwa kwa waya wa kufungia nondo kila baada ya hatua, viungo vyote vinapakwa gundi sio kuchomekwa tu. Tumia bomba la 20mm kwa taa, na 25mm pale ambapo laini zaidi ya mbili zinapita pamoja. Kona zikunjwe kwa springi, zile elbo kali usizikubali, waya inakwama hapohapo, na kati ya boksi na boksi kona za nyuzi 90 zisizidi mbili.

Siku ya zege awepo fundi umeme mwenyewe, asimwachie mtu. Toroli zinapita juu ya mabomba, vibreta (mashine ya kutikisa zege) inagonga viungo, bomba likichomoka dakika hiyohiyo linarudishwa, kesho halirudishwi. Fomu zikitolewa tu apitishe springi ya kuvutia kila bomba kuhakikisha pako wazi. Na kabla ya zege piga picha slabu yote ukiwa umetandaza tepu ya kupimia kutoka kona ya ukuta, zitakusaidia sana siku ukija kutoboa kwa ajili ya ghorofa.

Waya utabadilisha hata baada ya miaka 30, bomba la ndani ya zege hutalibadilisha. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuongeza hela kidogo ni kwenye idadi na upana wa mabomba. Acha na mawili matupu yanayopanda juu kwa ajili ya hiyo ghorofa.

ampia_kumi

Nakubaliana na fundi hapo juu. Nikujibu la saizi za waya maana hapo ndipo watu wanapishana bila sababu.

Usianze na waya, anza na kifaa. Chukua wati gawanya kwa volti, kwa sisi wa 230V. Heta ya tangi ya wati 3000 ni kama ampia 13. Ile ya kuogea inayochemsha papo hapo ya wati 5000 ni karibu ampia 22. Jiko la wati 7000 ni ampia 30. Taa za LED za nyumba nzima unaweza usifike hata ampia 2. Ukishapata ampia unachagua breka iliyo juu yake kidogo, halafu unachagua waya inayoweza kubeba zaidi ya breka. Mpangilio ni huo huo siku zote, kifaa kidogo kuliko breka, breka ndogo kuliko waya. Breka iko pale kulinda waya isiungue ndani ya ukuta, kwa hiyo mtu akikwambia breka inaruka sana tuweke kubwa zaidi, mkatalie, atafute kwanza kwa nini inaruka.

Kwa kawaida inakuja hivi (namba ya waya ni milimita za mraba, ya breka ni ampia), taa waya ya 1.5 na breka ya 6 au 10, soketi waya ya 2.5 na breka ya 16 au 20, heta ya tangi ya 4 kwa breka ya 20, heta ya papo hapo na jiko kila moja ya 6 kwa breka ya 32. AC yako ipe laini yake ya 2.5 peke yake. Wapo wanaofunga soketi kwa mzunguko, yaani waya ya 2.5 inatoka kwenye DB (boksi la breka) inazunguka soketi zote na kurudi DB, hapo wanaweka breka ya 32, ni mfumo wa Waingereza wa tangu miaka ya 1940. Unafaa ila mtu akikata upande mmoja baadaye soketi zote zinaendelea kuwaka na hakuna anayejua, wakati waya ya 2.5 sasa inabeba ampia 32 peke yake. Mimi napendelea laini za kawaida nyingi zenye breka ndogo.

Taa gawanya laini mbili hata kama mzigo ni mdogo, moja ikiruka usiku usibaki gizani nyumba nzima. Jikoni soketi zake peke yake, birika na pasi na maikrowevu zikikutana kwenye laini moja na sebule utachoka.

Umbali nao usisahau. Waya ya 2.5 inapoteza kama milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita, ukiivuta mita 30 kwa ampia 20 umepoteza karibu volti 11, karibu asilimia 5, na hiyo ndio mwisho wa kinachokubalika sehemu nyingi kwa soketi, taa ni asilimia 3. Kwa hiyo jua DB inakaa wapi kabla ya kuchagua waya, na iweke karibu na jiko na heta zinazokula umeme mwingi.

mama_fremu

Kaka mimi ninazo fremu nne na nakuomba sana usiunganishe mita moja. Mwanzoni mtaelewana, atakuja mpangaji wa saluni na madraya mawili ya wati 2000 kila moja, jirani yake ana duka la nguo na taa tano, bili ikija hakuna anayekubali kulipa sehemu yake na wewe ndio unageuka hakimu kila mwezi. Kwangu iliishia wapangaji wawili wazuri kuhama kwa sababu ya ugomvi wa umeme tu, na kutenganisha baadaye ilibidi kupasua kuta zilizokwisha pakwa rangi.

Kama mita za wapangaji huwezi kuziomba sasa, basi angalau kila fremu iwe na bomba lake kutoka sehemu ya mita na DB yake ndogo ndani. Siku ukiomba mita unabadilisha pale nje tu, ndani hakuguswi. Bomba la 32mm na waya ya 10, usibane hapo kwa sababu wewe mwenyewe umesema hujui nani anakuja, anaweza kuwa wa friji au wa mashine ya kusaga.

Na vitu vidogo ambavyo wapangaji wangu wote walikuja kuviomba: soketi ya juu karibu na dari kwa ajili ya kamera na TV, pointi ya nje juu ya mlango ya bango, pointi ya taa ya dharura inayowaka umeme ukikatika, na bomba la intaneti peke yake lisichanganywe na la umeme. Soketi za chini weka kila ukuta, usiweke moja kwenye kona ukadhani inatosha, watajaza ekstensheni sakafuni na hizo ndio zinachoma maduka.

nondo_na_waya

Dada umesema yote. Niongeze la fezi. Mkuu ukipiga hesabu jiko, heta, AC na fremu mbili ambazo hujui zitabeba nini, fezi moja itakubana. Vyote havitawaka kwa wakati mmoja kwa hiyo usijumlishe kila kitu kama kilivyo, lakini mwenye mashine ya mota kubwa atahitaji fezi tatu na bila hiyo hapangi kwako. Kama gharama inaruhusu chukua tatu, nyumba fezi ya kwanza, fremu moja ya pili, nyingine ya tatu, mzigo usawazike. Kama hairuhusu sasa, lalia bomba pana la kutosha kupitisha waya nne na ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) baadaye, ombi la fezi tatu utalipeleka wakati wowote.

Ila kwa fezi tatu nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndio roho. Ikilegea pale kwenye meni swichi, vifaa vya 230V vinaweza kupata volti zinazokaribia 400 na TV na friji zinaondoka kwa mpigo. Zile skrubu za nyutro zikazwe na zikaguliwe tena baada ya miezi kadhaa ya matumizi.

rangi_ya_kahawia

Naona hakuna aliyeielezea ethi na nadhani ndilo la kwanza. Ethi ifungwe kwenye kila soketi na kila taa hata kama taa ya leo ni ya plastiki, kesho utaweka ya chuma. Rodi ya ethi ipigwe ardhini mahali penye unyevu, sehemu ya kuungia iwe na kifuniko unachoweza kufungua ukaona. Na uweke RCD ya milliampia 30, hii ndio inakata umeme unapopita kwenye mwili wa mtu, breka ya kawaida haikati, mtu anakufa kwa umeme mdogo sana ambao breka hata haiujui. Usiweke RCD moja ya nyumba nzima, gawanya angalau mbili, ili hitilafu ya heta isizime na friji. Bafuni soketi isiwepo, swichi ya heta iwe nje ya mlango.

Rangi za waya pia mwambie fundi mapema atumie mfumo mmoja. Zamani laivu nyekundu na nyutro nyeusi, siku hizi laivu kahawia na nyutro bluu. Kwenye fezi tatu ndio hatari zaidi, bluu ya zamani ilikuwa fezi, bluu ya sasa ni nyutro, na nyeusi kinyume chake. Mafundi wawili wakichanganya kwenye jengo moja atakayekuja wa tatu anaweza kufa.

Na waya zenyewe ukinunua chubua mwisho uangalie. Waya halali ya 2.5 ya nyuzi saba, kila uzi una unene wa kama milimita 0.67, ile ya 1.5 ni 0.53. Pima kwa kalipa, usisome maandishi ya gamba tu. Halafu kwaruza uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.

mjenzi_mgeni

Wakuu asanteni sana, leo nimekaa na mke wangu tumechora kitanda kinakaa wapi, kabati wapi, TV wapi, ndipo tukagundua swichi mbili zilikuwa nyuma ya milango. Kesho napanda na fundi kuchora kwenye fomu. Maswali mawili ya mwisho, nikitaka kuja kuweka sola na betri baadaye niache nini? Na kwenye kuta fundi apasue vipi, maana nimeona sehemu anapasua ukuta mshazari.

ampia_kumi

Sola, acha bomba la 32mm tupu kutoka darini hadi ilipo DB na nafasi ya inveta karibu yake ukutani, halafu DB iwe na nafasi tupu kama robo hivi. Cha muhimu zaidi tenga sasa hivi laini za lazima, taa, friji, intaneti, soketi chache, zikae kwenye DB ndogo ya pembeni zikiwa na nyutro yao. Nyutro zikichanganyika kati ya DB mbili, siku ya kufunga inveta RCD itakuwa inaruka kila saa na fundi atazunguka nyumba nzima kutafuta.

nondo_na_waya

Mshazari mkatalie leo hii. Bomba lishuke wima juu ya swichi au soketi, au lilale mlalo sawa nayo, ili anayepiga msumari aangalie tu soketi iko wapi na ajue asipige wapi. Mkato wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita, yaani ukuta wa 150mm mlalo ni 25mm tu, kwa hiyo mara nyingi shuka wima. Tofali za uwazi punguza zaidi.

Na kabla hajafunga swichi na soketi mwambie apime waya zote kwa mega (kifaa cha kupima kama gamba la waya linavujisha umeme) ya volti 500, isomeke angalau megaomu 1, waya mpya kwa kawaida zinakwenda juu zaidi ya hapo sana. Apime ethi ya kila soketi, ajaribu RCD kwa kifaa sio kwa kitufe pekee, aandike majibu kwenye karatasi na asaini. Fundi akisema hana mega tafuta atakayekuja nayo siku hiyo, na malipo ya mwisho yasitoke kabla hujashika hiyo karatasi.