Kifurushi cha programu ya barua pepe ambacho mwandishi wake amenyamaza: niendelee kukilea au niombe kiondolewe Debian?

Mlezi_Ngamiani (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum.

Ninalea kifurushi cha programu ndogo ya barua pepe katika Debian, mfumo huria wa kompyuta ambao programu zake husambazwa kama vifurushi vilivyo tayari kusakinishwa. Hapa Tanga programu hiyo inatumika katika ofisi kadhaa za mawakala wa forodha karibu na bandari, kwa sababu ni nyepesi, inafunguka hata kwenye kompyuta kuukuu, na kwa njia ya POP3 inashusha barua zote zikawa zinasomeka hata mtandao ukikatika. Mwandishi wake wa asili hatoi tena toleo jipya wala hajibu taarifa za kasoro, hivyo kazi yangu, ambayo ilikuwa kuchukua msimbo wake, kuujenga na kuuweka katika hazina ambako watumiaji wa Debian hupakua programu, sasa imekuwa kuutia viraka mimi mwenyewe. Programu imejengwa juu ya GTK 2, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe, ambayo waundaji wake waliacha kuihudumia GTK 4 ilipotoka Desemba 2020. Haiujui utaratibu wa OAuth2, wa kuingia kwenye akaunti kwa kibali maalumu badala ya kuipa programu nenosiri, na akaunti za ofisi zilizoko Microsoft haziwezi tena kufunguliwa kwayo kwa nenosiri pekee.

Je, nitangaze kwamba kifurushi ni yatima ili mwingine akichukue, au niombe kiondolewe kabisa? Na hao wanaokitumia niwaache katika hali gani?

Fundi_Chumbageni (Tanga)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ukijitoa wewe, kifurushi kinabaki: unaandika taarifa ya kasoro katika wnpp, orodha ya vifurushi vinavyohitaji walezi, ikiwa na alama ya O (yatima), na jina la mtunzaji linabadilishwa kuwa Kikundi cha Ubora cha Debian mpaka atokee wa kukichukua. Ukiomba kiondolewe, taarifa inakwenda ftp.debian.org ikiwa na alama ya RM (kiondolewe), na wasimamizi wa hazina wakikubali, kinatoka katika tawi la sid, ambako vifurushi vipya huingia kwanza, na baadaye katika tawi la majaribio, linaloandaliwa kuwa toleo thabiti. Kabla ya hapo hakikisha hakuna kifurushi kingine kinachokitegemea, maana ombi lako litakwama hapo.

Mimi ningeanza na tangazo la yatima, nikaeleza waziwazi humo ndani kwamba mwandishi amenyamaza, kwamba GTK 2 haina mwenyewe na kwamba OAuth2 haipo. Mtu akijitokeza baada ya kuyasoma hayo, atakuwa anajua mzigo anaoubeba. Asipojitokeza mtu, omba kiondolewe mapema, kabla toleo thabiti linalofuata halijagandishwa, yaani halijafungwa lisipokee mabadiliko makubwa. Kifurushi kikishaingia katika toleo thabiti, Debian inawaahidi watumiaji miaka mitatu ya marekebisho ya usalama, na hufuatiwa na miaka miwili ya uangalizi wa muda mrefu. Debian 13 imetoka Agosti 2025, kwa hiyo hesabu mwenyewe ahadi hiyo inafika wapi, na ni nani atakayeitimiza kwa msimbo usio na mwandishi.

Jambo moja ningekuomba usilifanye, nalo ni kutengeneza kifurushi kitupu cha mpito kinachomletea mtumiaji programu nyingine badala ya hii. Icedove, jina ambalo Debian ilikuwa ikiipa programu ya barua pepe ya Thunderbird, iliporudishiwa jina la Thunderbird mwaka 2017, mpito ulifaa kwa sababu programu ilikuwa ileile, na mipangilio iliyokuwa katika folda ya Icedove ilihamishiwa kwenye ile ya Thunderbird. Ukimpa mtu programu tofauti, ataifungua akute sanduku tupu na aamini kwamba barua zake zimepotea.

Msomaji_wa_Pangani

Kwa heshima zote, sioni haja ya haraka. Hazina ya Debian imejaa programu ambazo waandishi wake waliziacha zamani, na maadamu zinajengeka bila kasoro kubwa, hazimdhuru mtu.

Fundi_Chumbageni (Tanga)

Ndugu Msomaji, ungekuwa mchezo wa karata ningekubaliana nawe. Programu ya barua pepe kila siku inafungua vitu vilivyotumwa na watu isiowajua: kurasa za HTML, picha, viambatisho, vyeti vya seva. Mei 2018 udhaifu ulioitwa Efail ulionyesha kwamba barua iliyosimbwa inaweza kuvujishwa kupitia HTML iliyopachikwa ndani yake, na programu nyingi zilizokuwa na waandishi hai zililazimika kurekebishwa. Hii isiyo na mwandishi ingerekebishwa na nani?

Karani_wa_Forodha

Mimi ni mmoja wa hao watumiaji, na mambo ya matawi na hazina siyajui. Ninachotaka kujua ni hiki: kifurushi kikiondolewa, asubuhi nikiwasha kompyuta nitaikuta programu? Na barua za wateja zenye hati za mizigo, ambazo kwenye seva hazipo tena, zitakuwa wapi?

Mlezi_Ngamiani (Tanga)

Dada, utaikuta. Kuondolewa katika hazina hakufuti kitu kwenye kompyuta yako. Programu inabaki bila marekebisho, na amri ya apt list '~o' itaionyesha miongoni mwa vifurushi visivyo na chanzo. Inaweza kukataa kufanya kazi siku mtakapohamia toleo jipya la Debian lisilo na maktaba inazozitegemea.

Barua ndizo za kuzishughulikia sasa. Kwa POP3, barua ikishashushwa kwa kawaida hufutwa kwenye seva, kwa hiyo nakala iliyo katika diski yenu huenda ndiyo pekee. Programu hii inaziweka kwa mtindo wa MH, yaani kila barua faili lake lenye namba, na hilo ni afadhali, kwani hazikufungiwa ndani ya hifadhidata isiyosomeka na programu nyingine. Claws Mail, programu nyingine ya barua pepe, inatumia mtindo huohuo. Mutt, nyingine tena, inasoma MH pamoja na mitindo mingine ya kuhifadhi barua, mbox na Maildir, hivyo inaweza kuzihamisha kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine. Kabla ya yote, programu ikiwa imefungwa, nakilini folda nzima ya barua kwenye diski ya nje, kisha fungueni barua chache za zamani zenye viambatisho kutoka kwenye nakala hiyo.

Ndugu Fundi, nimekubali mpangilio wako. Tangazo la yatima litatoka pamoja na kifurushi changu cha mwisho, na ndani yake nitaweka faili la NEWS.Debian lenye maelezo haya ya kuhamisha barua, ili wenye apt-listchanges, programu inayoonyesha habari za mabadiliko ya vifurushi, wayaone wanaposasisha. Nitawaandikia pia wanaotunza maelezo ya toleo lijalo, kwa sababu ofisi nyingi za hapa hazisasishi chochote mpaka fundi aje na toleo jipya mkononi.